Karne ya Mrs Dalloway: Heko kwa Hogarth Press

Riwaya ya Mrs Dalloway imetimiza miaka 100. Ilitoka London tarehe 14 Mei 1925, jalada lake likiwa limechorwa na Vanessa Bell, dada wa mwandishi. Pongezi za karne hii zimemwendea zaidi Virginia Woolf, naye anazistahili. Sisi tunaomba fungu lake lifike Hogarth Press, shirika lililoichapisha, kwa kuwa bila shirika hilo riwaya hii isingekuwa hivi tunavyoisoma.

Leonard na Virginia Woolf walinunua mtambo mdogo wa kuchapia kwa mkono mwaka 1917, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiwa bado vinapiganwa. Uliwagharimu pauni 19 na ushei, wakauweka nyumbani kwao Hogarth House, Richmond, kwenye chumba cha kulia chakula. Virginia alikuwa ametoka katika maradhi mazito ya akili, na mumewe aliona kazi ya mikono ingempumzisha kichwa. Leonard mwenyewe mikono ilimtetemeka, hali iliyomwepusha na jeshi na kumzuia kupanga herufi. Basi mke akapanga herufi, mume akaendesha mtambo. Kitabu chao cha kwanza kilitoka Julai 1917, nakala 150, kikiwa na hadithi mbili: moja ya Leonard, moja ya Virginia.

Riwaya mbili za mwanzo za Virginia zilichapishwa na Duckworth, kampuni ya kaka yake wa kambo. Kuanzia Jacob's Room ya 1922, hakuhitaji tena kumpelekea mtu mswada na kungoja hukumu. Shirika lilipohamia 52 Tavistock Square mwaka 1924, alikuwa akiandika katika ghala la chini, katikati ya marundo ya vitabu vilivyosubiri kupelekwa madukani. Hakuwepo mhariri wa kumuuliza kwa nini hadithi nzima inakwisha kwa siku moja, wala kwa nini mhusika mkuu hakutani kamwe na mtu ambaye kifo chake kinamtikisa.

Maswali hayo mawili ndiyo yanayotupeleka kwenye moyo wa riwaya. Ni siku moja ya Juni 1923. Clarissa Dalloway, mke wa mbunge, anatoka kwenda kununua maua ya karamu yake ya jioni. Mapema kabisa tunaarifiwa kuwa vita vimekwisha, na papo hapo tunatajiwa watu ambao kwao havijakwisha. Yumo Lady Bexborough, aliyefungua mnada wa hisani huku ameshika telegramu ya kifo cha John, kipenzi chake. Mji umerudia shughuli zake, lakini adabu ya tabaka la juu inamtaka mfiwa asimame wima na kutabasamu.

Woolf hatusimulii vita. Anatusikilizisha mwangwi wake. Gari linatoa mshindo mtaani Bond Street. Clarissa, dukani mwa maua, anashtuka akidhani ni bastola. Septimus Warren Smith, askari wa zamani, anaganda palepale barabarani, kwake ulimwengu unakaribia kulipuka moto. Mshindo mmoja, mioyo miwili, na msomaji amevushwa kutoka wa kwanza hadi wa pili bila daraja la maelezo. Baadaye ndege inapita ikiandika tangazo kwa moshi, na watu wanainua vichwa kusoma jina la tofi. Mwaka 1917 London hiyohiyo ilikuwa imepigwa mabomu na ndege za Ujerumani. Ndiyo kazi ya mbinu ya kufuata mkondo wa mawazo katika riwaya hii: haikubali jana ikae mbali na leo.

Septimus alikuwa miongoni mwa waliojitolea mwanzo kabisa. Evans, afisa wake na rafiki yake, aliuawa Italia muda mfupi kabla ya silaha kuwekwa chini, na Septimus akajipongeza kwamba hakuumia sana. Kutoumia huko ndiko ugonjwa wenyewe. Mkewe Lucrezia, fundi wa kofia kutoka Milan, anampeleka kwa Daktari Holmes, anayesema hana ugonjwa wowote. Kisha kwa Sir William Bradshaw, bingwa wa Harley Street, anayetambua mara moja kuwa hali ni mbaya, lakini dawa yake ni kumtenga na mkewe, rafiki na vitabu. Holmes anapopanda ngazi kumfuata, Septimus anajirusha dirishani.

Jioni Bradshaw na mkewe wanafika kwenye karamu na habari hiyo, na daktari anazungumza na mbunge Dalloway juu ya muswada wa sheria kuhusu madhara ya kiwewe cha vita yanayochelewa kujitokeza. Hilo halikuwa la kubuni tu: mwaka 1922 kamati ya Wizara ya Vita ya Uingereza ilikuwa imetoa ripoti kuhusu kiwewe hicho. Mwandishi anaonyesha jinsi kifo kinavyogeuka kuwa mada ya mazungumzo baina ya waheshimiwa. Katika mpango wa awali wa riwaya Septimus hakuwepo, na Clarissa ndiye angekufa. Kwa kumhamishia askari kifo hicho, Woolf alikitoa kwenye majonzi ya nyumba moja na kukifanya shtaka dhidi ya jeshi, tiba na Bunge.

Msomaji makini atatuuliza: mnaisifuje taasisi kupitia riwaya inayozishuku taasisi? Tunaisifu kwa sababu hii ilitenda kinyume cha Bradshaw. Yeye alitaka kumwondolea mgonjwa vitabu. Mtambo wa Richmond ulimtia mgonjwa herufi mikononi. Na uhuru huo haukubaki kwa wenye nyumba peke yao. Kuanzia 1924 shirika hili lilichapisha kazi za Sigmund Freud kwa Kiingereza. Mwaka huohuo lilitoa kitabu Kenya cha Norman Leys, daktari aliyekuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni na ambaye alifichua dhuluma zake juu ya ardhi na kazi. Mwaka 1934 likachapisha kitabu cha Parmenas Mockerie, aliyekuwa mjumbe wa Kikuyu Central Association huko London pamoja na Jomo Kenyatta. Msomaji wa Afrika Mashariki ana fungu lake katika sherehe hii.

Haina maana kwamba shirika halikuteleza. Mwaka 1918 liliukataa mswada wa Ulysses wa James Joyce, uliolizidi kimo na kuwatisha wapiga chapa kwa hofu ya sheria. Riwaya yenyewe nayo ina mipaka: Peter Walsh anarudi kutoka India, lakini Wahindi aliowatawala hawapewi mawazo yao tuyafuate.

Hata hivyo, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mabomu ya 1940 yaliharibu ofisi za shirika na kulihamishia Letchworth; Virginia akafariki mwaka uliofuata; mwaka 1946 likaungana na Chatto & Windus. Lilikuwa limeshatoa zaidi ya vitabu 500, na jina lake lingali kwenye majalada leo.

Hongera, Hogarth Press. Kwa wachapishaji wetu, kuanzia Nairobi hadi Zanzibar, tuna ombi moja. Mswada usiofanana na uliouzwa mwaka jana ukifika mezani, usirudishwe kwa sababu tu haufupishiki kwa sentensi moja ya tangazo. Mrs Dalloway pia haifupishiki, na miaka 100 baadaye bado inauzwa.