Hamira, Friji na Hukumu za Haraka

Yamezuka mabishano katika baraza zetu hapa Mombasa, na kwa kuwa yanagusa riziki za watu, nimeona si vyema kuyaachia barazani. Mabishano yenyewe ni juu ya kijisanduku kidogo kisichozidi kiganja cha mkono, chenye namba nyekundu usoni na waya mrefu wenye ncha ya chuma. Mafundi wa friji hukiita thamostati ya nje. Kazi yake ni kuiamrisha friji iwake au izime kwa kiasi cha joto unachokitaka wewe, si kile alichokitaka aliyeiunda. Baadhi ya kina mama wanaouza mahamri wameanza kuumulia unga wao ndani ya friji kuukuu zilizofungwa kijisanduku hicho. Na baadhi ya watu wamewaambia kwamba ni haramu, kwa sababu huko Ulaya na Marekani chombo hicho hutumiwa na wanaojipikia bia majumbani.

Kwamba wapika bia wanakipenda ni kweli, wala hapana haja ya kulificha. Uingereza iliondoa sharti la leseni kwa anayejipikia bia nyumbani mwaka 1963. Marekani ikafuata mwaka 1978, Rais Jimmy Carter alipotia sahihi sheria ya kuwaruhusu raia wajipikie kwa matumizi yao wenyewe. Watu wakageuza gereji na stoo zao kuwa viwanda vidogo, na haukupita muda wakakumbana na tatizo la joto. Hamira ni kiumbe hai. Ikila sukari hutoa hewa, hutoa kileo, na hutoa joto lake yenyewe, hata chombo kikawa na joto la nyuzi kadhaa kuzidi chumba kilimowekwa. Hamira ya bia ya Kiingereza hupenda baina ya nyuzi 18 na 22 za Selsiasi. Ile ya bia ya Kijerumani inayochachishwa kwa baridi hutaka 8 hadi 13. Joto likizidi, kinywaji huharibika ladha na harufu.

Friji ya nyumbani haikuweza kuwatatulia hilo, maana imeundwa ikae baina ya nyuzi 2 na 8 hivi, na hapo hamira hulala usingizi. Ndipo wakakimbilia kijisanduku. Unakichomeka ukutani, kisha friji unaichomeka ndani yake. Ncha ya waya unaifunga ubavuni mwa chombo, ukaifunika kitambaa, ili ipime joto la kilichomo na si la hewa iliyokizunguka. Ukiamuru nyuzi 18, friji hupewa umeme joto lipandapo hadi 19, na hukatiwa lishukapo hadi 18. Vingi vina tundu la pili, la kuwashia balbu pale baridi inapozidi. Na kabla ya kuiwasha tena friji husubiri dakika chache, kwa sababu kompresa ikizimwa na kuwashwa papo kwa papo huharibika. Siri yote ni hiyo. Hakuna dawa ndani yake, hakuna kileo, wala hakijui kama kilichomo frijini ni bia, ni maziwa ya mtoto au ni donge la unga.

Wanaosema kwamba asili ya chombo ndiyo inayokiharamisha, nawaomba waitazame friji iliyomo jikoni mwao. Carl von Linde, mhandisi wa Kijerumani aliyezifanya mashine za baridi kuwa kitu cha kutegemewa, aliziunda katika miaka ya 1870 kwa msaada wa wenye viwanda vya bia, akiwemo mwenye kiwanda cha Spaten cha mjini Munich, na wapika bia ndio waliokuwa miongoni mwa wanunuzi wake wa mwanzo. Elimu ya kuitenga hamira moja safi na nyingine nayo ilitoka katika maabara ya Carlsberg, mjini Copenhagen, mwaka 1883, kwa mkono wa Emil Christian Hansen. Kwa kipimo hicho, basi, hata maji baridi ya kufuturia yana kesi ya kujibu.

Na kama ni asili tunayoitafuta, fikra ya chombo kinachojiongoza chenyewe si ngeni kwa Waislamu. Wana watatu wa Musa, Muhammad, Ahmad na al-Hasan, waliandika Kitab al-Hiyal mjini Baghdad katika karne ya 9, na humo wameeleza taa inayojisogezea utambi bila ya kuguswa. Nalitaja hili kwa kupita tu.

Lugha nayo imewachanganya watu. Neno hamira, na hamri lenyewe, ni ndugu wa khamri, yaani mvinyo. Wanazuoni wa lugha wamesema mzizi wake ni kufunika, na khimar, shungi la mwanamke, limetoka hapo hapo. Unga hufunikwa uumuke, kichwa hufunikwa kwa staha, na mvinyo huifunika akili. Sasa mwenye kudhani kwamba maneno yakiwa ndugu basi na hukumu zao ni ndugu, atatueleza nini juu ya shungi?

Nije kwenye fikihi. Mimi si mufti, lakini nimekaa chini ya mwalimu nikasoma, na haya yamo vitabuni kwa kila anayetaka kufunua. Katika Sahih Muslim imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akirowekewa zabibu, akinywa maji yake siku ile, na siku ya pili, hadi jioni ya siku ya tatu, kisha kilichosalia huondolewa au humwagwa. Bi Aisha naye amepokea kwamba kilichorowekwa asubuhi kilinywewa jioni. Kadhalika mwanzo Mtume alikataza kuroweka katika vyombo fulani, kama kibuyu na chombo kilichopakwa lami, na wanazuoni wakaeleza kwamba humo kinywaji hugeuka upesi bila ya mtu kujua. Baadaye akaviruhusu vyombo vyote, mradi watu wasinywe kilevi. Nionavyo mimi, mabishano yetu yote yangeweza kukomea hapa. Chombo kilizuiwa kwa muda, kikaachiliwa. Kilevi ndicho kilichobaki na makatazo yake.

Lakini kuna jambo la karibu zaidi, nalo ni suala la siki, maana hapo joto lenyewe limetajwa. Wengi wetu wa mwambao huu ni Mashafii. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ameeleza katika Minhaj al-Talibin, kitabu maarufu katika darsa za pwani hii, kwamba mvinyo ukigeuka siki wenyewe huwa twahara. Ukitiwa kitu ndani ili ugeuke, hautwahariki. Na ukihamishwa kutoka juani hadi kivulini, au kivulini hadi juani, ukageuka, basi kauli iliyo sahihi zaidi ni kwamba huwa twahara. (Mahanafi wamepanua zaidi ya hapo, lakini hiyo ni njia yao.)

Tazama upeo wa fikra za wazee hao. Walijua kwamba joto lina kazi, wakajua kwamba binadamu anaweza kulitumia kwa makusudi, wakatofautisha baina ya kutia kitu na kubadilisha hali ya hewa. Kijisanduku chetu hufanya nini zaidi ya kukihamisha chombo kutoka juani hadi kivulini, mara nyingi kwa siku, bila ya kukinyanyua? Ikiwa uhamishaji huo haukuinajisi siki iliyotoka katika mvinyo wenyewe, utauharamisha vipi unga wa ngano?

Twende sasa kwa huyo mwenye mahamri, maana yeye ndiye mwenye hasara. Hukanda unga usiku: ngano, tui la nazi, sukari, iliki na hamira. Wateja humfikia baada ya sala ya alfajiri wakitaka mahamri ya moto na mbaazi za nazi. Wakati wa kusi, mwezi wa Julai, usiku hupoa na donge huumuka kwa adabu. Ikija kaskazi, Februari na Machi, joto la mchana hapa Mombasa hupita nyuzi 30, usiku haupoi vya kutosha, na jiko lililoezekwa mabati huwa tanuri. Donge lililokandwa saa mbili za usiku hufura likafurika kabla ya saa sita, kisha likashuka. Tui likachacha, na hamri likikaangwa hunywa mafuta na kunuka uchachu. Unga umekwenda, nazi imekwenda, sukari imekwenda. Basi mama hulala saa tatu, akaamka saa nane za usiku kukanda. Wengine hulitia donge katika friji ya kawaida, na alfajiri hulikuta gumu kama jiwe, likataka saa mbili kuzinduka, ilhali watu wamesimama mlangoni na vyombo vyao.

Namjua mama mmoja, mjane mwenye watoto wanaosoma, aliyefungiwa kijisanduku na fundi kijana wa mtaani. Friji yake ilikuwa ya kutupwa: swichi ya ndani imekufa, kompresa nzima. Friji za namna hiyo hupatikana kwa bei ya chuma chakavu, na kijisanduku huzifufua kwa kuwa sasa chenyewe ndicho kinachoshika hatamu. Aliamuru nyuzi 17, akapunguza hamira hadi nusu, akakanda baada ya isha, akalala. Alipoamka saa kumi na nusu donge lilikuwa tayari kukatwa. "Maalim," aliniambia, "tangu afe marehemu sijapata kulala usiku mzima." Hazikupita wiki mbili akaja mtu kumwonya juu ya chombo cha walevi, naye kwa kumcha Mola wake akakichomoa. Amerudia kuamka saa nane. Aliyetoa hukumu ile hakuomba hata kufunguliwa friji aone kilichomo.

Yupo atakayeuliza: je, hamira haitoi kileo katika unga? Hutoa, kidogo, ndani ya friji na nje ya friji, na mafuta ya moto hukifukuza kilicho kingi. Sijamsikia mwanazuoni aliyeharamisha mkate kwa kuwa umeumuliwa, wala sijaona aliyelewa kwa hamri hata akila kumi.

Mpaka, walakini, upo. Zamani mkate wa kumimina uliumuliwa kwa tembo tamu lililoteremshwa mnazini asubuhi, na kila mtu wa pwani anajua kwamba tembo halingoji. Huanza kuchacha ndani ya kibuyu kabla mgema hajashuka, na likikaa hadi jioni huwa kali. Mwenye kulinunua akalifungia katika joto linalolipendeza ili lizidi ukali, au mwenye kuchachisha maji ya miwa akidai ni juisi tu, huyo amepika pombe, na thamostati haitamtetea. Kinacholevya kingi chake, kidogo chake ni haramu. Hadithi hiyo tumeisoma tangu utotoni. Hukumu humfuata yeye na kinywaji chake, si muuza mahamri wa nyumba ya pili.

Basi nawaomba wenye mimbari na wenye midomo mitaani, kabla ya kulitamka neno haramu, ambalo ni zito, waende wakatazame. Wamuulize fundi chombo kinafanya nini, wamuulize mama anaumua nini. Na wale walioonywa bila ya elimu warejewe na waambiwe, tena na wale wale waliowaonya. Mafundi nao wana wajibu: wafunge waya wa ardhi, maana friji kuukuu na sakafu yenye maji ni mauti; na ncha ya kupimia waifunge ubavuni mwa sufuria, wasiiache ikining'inia hewani.

Kwa maziwa chombo hiki kinafaa pia. Mtindi wa kuganda vizuri hutaka nyuzi 42 au 43 kwa saa kadhaa, na hapo tundu la pili na balbu moja vinatosha, friji ikitumika kama kabati tu la kuhifadhi joto. Umeme ukikatika, mlango usifunguliwe. Kuta zake nene hulilinda joto kwa muda wa kutosha.

Kwa siki ya tembo, ambayo tunaiacha ife huku tukinunua chupa nyeupe ambazo nyingine ni asidi tupu iliyozimuliwa kwa maji, sishauri friji. Vijidudu vya siki hupenda nyuzi 25 hadi 30, na hizo Mola ametupa bure chini ya mwembe wowote. Tena vinataka hewa, na friji haina hewa. Na mvuke wa siki hula mabomba ya shaba hadi gesi ikatoka. Mtungi uwekwe kivulini, ufunikwe kitambaa chepesi kisichopitisha nzi, uachwe wiki kadhaa bila ya kutiwa kitu.