Watazamaji wa Bao, Tufumbe Midomo

Mwezi unapopevuka juu ya Ziwa Tanganyika, mitumbwi ya dagaa hupumzika. Taa za wavuvi haziwezi kushindana na mbalamwezi. Dagaa hawakusanyiki, nyavu zinatoka nyepesi, na kwa siku kadhaa vijana wa Kibirizi na Katonga, hapa Kigoma, wanakuwa na muda wasio na pa kuupeleka. Hapo ndipo ubao wa drafti unapotolewa. Vizibo vya soda 12 vimelala kifudifudi, 12 vimelala chali, wawili wameketi juu ya ndoo zilizopinduliwa, na juu ya vichwa vyao wamesimama watu kumi. Ujiji nako ni vivyo hivyo, ila huko wazee wanalishikilia bao lao, na birika la kahawa haliko mbali. Sina ugomvi na hao wawili walioketi. Ugomvi wangu ni na hao kumi waliosimama, na hasa na yule mmoja asiyekosekana katika baraza lolote, tangu Gungu hadi Mwanga: mchezaji hajanyoosha hata mkono, yeye keshapiga kelele, "Mle huyo! Mle! Si amekuachia hapo pembeni?"

Kwamba bao, drafti na sataranji ni michezo ya akili, hilo halihitaji ushahidi kwa msomaji wa huku. Mwalimu Nyerere alikuwa mpenzi wa bao, na hakuna aliyewahi kusema kwamba lilimpunguzia hekima. Ninachotaka tukitazame ni hiki: utamu wa michezo hii unakaa wapi? Haukai katika kushinda peke yake, maana hata anayefungwa kila siku anarudi kesho yake. Liangalie bao lenyewe. Mashimo 32, kete 64. Mchezo unapoanza, kila mmoja ana kete 10 tu ubaoni, sita zimekaa katika shimo kuu liitwalo nyumba, na mbilimbili katika mashimo mawili ya jirani. 22 zilizobaki ziko mkononi, anazinamua, yaani anaziingiza ubaoni, mojamoja. Akila, anazichukua kete za mwenzake, anaziingiza upande wake kuanzia pembeni na kuzisambaza moja kila shimo. Ya mwisho ikiangukia penye kete na mbele yake pana za adui, anakula tena na kuendelea. Ikiangukia shimo tupu, amelala. Sasa fundi wa bao huyapiga mahesabu hayo yote kwa macho kabla hajagusa kitu. Anaona kete yake ya mwisho itaangukia wapi baada ya kula mara tatu, na wakati huohuo anapima kama nyumba yake itabaki salama. Mholanzi mmoja, Alexander de Voogt, alikwenda Zanzibar kuwachunguza mafundi hao, na mwaka 1995 akatoa kitabu kizima juu ya akili zao, kwa kustaajabu jinsi kichwa cha binadamu kinavyoweza kubeba hesabu inayobadilika kila kete inapodondoka. Basi ile dakika ya kimya, mtu ameinamia ubao, vidole vinachezea kete za kiganjani lakini haviachii, ndiyo mchezo. Mengine yote ni kuhamisha mbegu.

Dakika hiyo ndiyo anayoiiba mpiga kelele. Tena haibi kwa mmoja, anaiba kwa watatu. Anamwibia mchezaji, kwa sababu hata kama alikwishaiona njia ile, sasa akiicheza itasemekana ameambiwa. Na akiiacha ili kulinda heshima yake, atafungwa kwa njia mbovu aliyolazimika kuifuata. Anamwibia mpinzani, aliyekuja kupambana na mtu mmoja akajikuta anapambana na mtaa. Wa tatu ni yeye mwenyewe, wala hajui. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Aliyesimama hana cha kupoteza. Akikosea hakuna atakayemcheka, akipatia atasimulia wiki nzima. Ndiyo maana anaona kila kitu chepesi. Mkalishe huyohuyo kwenye ndoo, umpe kete 22 mkononi, uone atakavyokuna kichwa! Mara nyingi utakuta bingwa wa kusimama amefungwa mkononi, yaani kete za kunamua hazijamwishia na mchezo umekwisha, na hiyo ni aibu ambayo wazee wa bao hawaisahau upesi.

Najua nitajibiwa kwamba kelele za mlango hazimnyimi mwenye nyumba usingizi, na kwamba mchezaji wa kweli hasikilizi maneno ya pembeni. Jibu hilo ni zuri, lakini limesahau jambo moja. Mlango hulia tu. Haumwambii mwizi ufunguo umefichwa wapi. Mtu akisema "nyumba yako inaliwa hiyo, mzee," huo si mlio wa mlango, hiyo ni siri ya vita imetolewa hadharani, na maneno yakishatoka hayarudi mdomoni. Wapo pia watakaosema baraza si mahakama, kwamba bao bila makelele ni chakula bila chumvi, na kwamba Waswahili hawakuumbwa kukaa kama waliofiwa. Hapa nakubaliana nao, zaidi ya wanavyodhani. Utani nautaka. Mwambie mchezaji kwamba leo ameamka na mkono wa mpiga ramli. Muulize kama kete zile amekopa. Mkumbushe alivyofungwa Ijumaa iliyopita. Kejeli ni haki ya baraza, nayo hupasha mchezo moto bila kuuharibu, kwa sababu haimwambii mtu ahamishe kete ipi. Ninachokataa ni kufunuliana. Nahodha hutaniwa na abiria wake safari nzima na chombo kikafika. Lakini manahodha wengi chombo huenda mrama, na watu wa ziwa hili wanajua vizuri zaidi ya wengine maana ya chombo kwenda mrama.

Wengine hujitetea kwa ualimu: eti wanasema kwa sauti ili vijana wajifunze. Ni kweli vijana hujifunza kwa kutazama, na hilo ndilo linalonipa nguvu ya kuandika. Mfikirie yule binti wa Katwe, mtaa wa mabanda wa Kampala, Phiona Mutesi. Alipokuwa na miaka kama tisa alimfuata kaka yake hadi mahali ambapo Robert Katende alikuwa akiwafundisha watoto sataranji na kuwapa uji. Hakuingia kwa kishindo. Alisimama nje akichungulia zile kete za ajabu na watoto waliozikodolea macho. Kutoka kuchungulia akafika kucheza, na kutoka kucheza akafika kuiwakilisha Uganda katika olimpiki za sataranji, hadi mwaka 2012 huko Istanbul akapata daraja la mgombea wa umahiri kwa wanawake. Mwaka 2016 dunia ilitazama filamu yake, na Lupita Nyong'o akiwa mama yake. Mwenye macho haambiwi tazama. Mtoto anayeachwa atazame kimya, ajiulize mwenyewe "mbona hakumla yule?", kisha aone baada ya zamu tano kwamba yule alikuwa mtego, amefunzwa jambo ambalo kelele zetu zisingemfunza. Tukimwambia jibu kabla hajauliza swali, tumemlisha asiye na njaa. Na kama mwalimu wetu wa kusimama ana elimu ya kutoa, mchezo ukiisha ubao bado upo. Azipange upya kete, aoneshe palipoharibika, na wachezaji wenyewe watamshukuru.

Wenzetu wa sataranji walilimaliza jambo hili zamani. Mchezo wao ulizaliwa India, ukapita Uajemi na kwa Waarabu, ndipo jina lake na la shaha wake yakatufikia sisi. Shirikisho lake la dunia liliundwa Paris mwaka 1924, na katika sheria zake mtazamaji hana ruhusa ya kusema lolote juu ya mchezo unaoendelea wala kuuingilia. Hata anayeona kosa la wazi, njia aliyopewa ni kumwendea mwamuzi, si kupaza sauti. Wapo waliovuka mpaka kwa upande wa pili. Mwaka 1972 kule Reykjavik, Mmarekani Bobby Fischer alilalamikia kamera na sauti za ukumbi hadi mchezo wa tatu dhidi ya Mrusi Boris Spassky ukachezwa katika chumba cha nyuma, mbali na watazamaji. Fischer akatwaa ubingwa wa dunia kwa pointi 12.5 kwa 8.5, lakini sitaki tufike huko. Mchezo uliofungiwa chumbani umenyimwa nusu yake, maana mtazamaji naye ni sehemu ya mchezo: pumzi ya watu kumi inapokatika kwa pamoja, mkono wa mchezaji ukiwa hewani, hiyo ni furaha ambayo hata wanaocheza hawaipati peke yao. Mtazamaji mwema ana hata faida wasiyo nayo wao. Anaziona pande zote mbili bila woga. Anaweza kumpenda mshindi na kumhurumia mshindwa katika mchezo uleule, na akienda nyumbani anakwenda na michezo miwili: uliochezwa, na ule ambao angeucheza yeye.

Siku hizi ugonjwa umepata nguvu mpya. Tangu kompyuta ya Deep Blue ilipomshinda bingwa wa dunia wa sataranji, Garry Kasparov, mwaka 1997, mashine zimezidi kuwa kali, na leo kijana mwenye simu anaweza kutazama mabingwa wa dunia wakicheza huku pembeni ya kioo pana alama inayopanda na kushuka kumwambia nani anaongoza. Basi naye anacheka: "Huyu Carlsen naye, kosa gani hilo!" Ndugu yangu, kosa hilo hukuliona wewe, umesomewa. Umeazima macho ya mashine ukamdharau mtu aliyeketi saa nne akitumia ya kwake. Huyo na yule mpiga kelele wa Kibirizi ni ndugu wa tumbo moja, ila mmoja ana bando.

Viongozi wetu wa dini nao wana neno, na ni neno la kuzingatiwa. Wanavyuoni wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yaliyoenea Ujiji na pwani nzima, wengi wao waliihesabu sataranji kuwa karaha isiyofikia haramu, madhali hakuna kamari, sala haipotei na ndimi zinahifadhiwa. Tazameni hilo sharti la ulimi! Mchezo wenyewe unaweza kuwa halali, na matusi ya mtazamaji yakauchafua. Drafti iliyoanza kwa amani huishia watu kukamatana mashati, na ukiuliza chanzo utaambiwa si wachezaji. Ni wawili waliosimama, kila mmoja akidai njia yake ndiyo ilikuwa sahihi.

         

Turudi barazani. Wazee wangu wa Ujiji, mji wenu ulipokea misafara ya kutoka Bagamoyo kwa njia ya Tabora miaka mingi kabla reli haijafika Kigoma mwaka 1914. Stanley alipomkuta Livingstone hapo mwaka 1871, aliwakuta watu wenye mji, soko na adabu ya kukaa na wageni. Adabu hiyo mnayo bado. Mtu akizungumza hamumkati kauli. Msibani hamwambii mfiwa namna ya kulia. Mkiwa mkekani mnamngoja mkubwa aanze kunawa. Ni ajabu gani basi kwamba watu waliostaarabika hivyo, wakisogea penye bao, wanageuka kuwa wapiga debe wa stendi? Na nyinyi vijana wa ziwani, mnaoweza kukaa usiku kucha kimya mkiangalia maji chini ya taa, mkisubiri dagaa wapande bila mtu hata mmoja kusema "vuta" kabla ya wakati, uvumilivu huo mnauacha ndani ya mtumbwi mnaposhuka?

Nashauri kila baraza lijiwekee sharti dogo. Anayetaja kete kabla haijachezwa, awe amepatia au amekosea, awe mzee au kijana, ndiye atakayekalia ndoo mchezo unaofuata, acheze na yule aliyeshinda. Kama ameona kweli, atatuonesha. Kama alikuwa anapiga kelele tu, kete 22 za mkononi zitamjibu, na sisi tuliobaki tutasimama kumzunguka, tukinywa kahawa yetu, bila kumwambia chochote.