Tafakari ya juma: Mkono mmoja haulei mapacha watatu



Wapendwa wasomaji wetu, juma hili tunaandika kwanza kuungama, kisha kulaumu. Maungamo ni yetu. Lawama ni yetu sote, kwa hiyo asiyependa kuguswa aisome tafakari hii akiwa ameketi.

Majuma manne yaliyopita, katika Misa ya pili, aliingia kanisani mama mmoja wa parokia yetu akiwa na watoto watano. Wawili wakubwa, wa miaka sita na minne, walitangulia wameshikana mikono. Mama alifuata, mtoto mmoja mgongoni kwa mbeleko, mwingine kifuani kwa kanga, na wa tatu akibebwa na binti wa jirani. Mapacha watatu, wenye umri wa miezi saba. Tangu siku ya ubatizo wao walikuwa hawajaletwa tena kanisani.

Wakati wa mahubiri mmoja alilia. Mwenzake akamwitikia, na wa tatu hakukubali kubaki nyuma. Nasi, tukiwa katikati ya hoja tuliyoiandaa kwa siku mbili, tulinyamaza, tukatazama upande ule, tukasema kwa kipaza sauti: "Akina mama wenye watoto wanaolia, tafadhali watoeni nje." Baadhi yenu mlitikisa vichwa kuafiki. Mama yule aliinuka, akakusanya kanga, chupa na viatu vya wale wakubwa, akatoka. Hakurudi. Jumapili iliyofuata hakuja, wala ile ya baada yake. Na ili aibu yetu ikamilike, tuseme pia kwamba mahubiri ya siku ile yalihusu ukarimu wa Abrahamu.

Tulikwenda kwake tukiwa na katekista. Tulidhani tungemkuta amekasirika. Tulimkuta akimenya ndizi, watoto watatu wamelala kwenye mkeka, na wale wakubwa wamekaa kwenye ukingo wa migomba wakitazama barabara. Alitukaribisha kwa heshima. Tulipoomba radhi alisema: "Baba Paroko, si wewe tu. Ni kila mahali." Kisha akatueleza, bila kulalamika, jinsi safari ya kwenda mjini ilivyo kwa mtu kama yeye.

Akitaka kwenda Omurushaka au Kayanga, huanza kujiandaa usiku. Akisimamisha mchomoko, dereva humhesabu kama mzigo na kumdai nauli ya watu wawili, kisha humbana nyuma pamoja na magunia. Akifika sokoni, watu humzunguka. Wanahesabu: mmoja, wawili, watatu. Wanafunua kanga bila kuomba ruhusa. Wengine hupiga picha kwa simu. Wapo wanaomwekea sarafu mkononi, kana kwamba wametazama mchezo wa sarakasi na wanalipa kiingilio. Wapo wanaouliza kama kweli wote ni wa baba mmoja. Akiomba kiti dukani ili anyonyeshe, huambiwa viti ni vya wateja.

Je, baba yao yuko wapi? Tuliuliza kwa sauti ya hukumu, maana tulidhani tunalijua jibu. Tulikosea. Baba yao alimfunga mtoto mmoja mgongoni kwa kanga, akaandamana na mkewe hadi gulioni. Wanaume waliokuwa wakinywa rubisi kando ya njia walimcheka hadi machozi. Walisema amelishwa limbwata. Walisema nyumbani kwake jogoo ametaga. Alirudi kimya, na tangu siku hiyo hajambeba mtoto nje ya ua wa nyumba yake. Wengi wa wanaume wale tunawajua. Wengine hubeba kanzu za UWAKA kwenye maandamano ya Ekaristi.

Ndugu wapendwa, hapo ndipo tafakari yetu inapoanzia.

Tunajisifu kwamba sisi watu wa Karagwe na Kyerwa ni wakarimu, na historia inatuunga mkono. Mwaka 1861 Mfalme Rumanyika aliwapokea Waingereza wawili, Speke na Grant, wageni ambao hakuwajua. Grant alipougua mguu asiweze kutembea, aliachwa hapa akihifadhiwa kwa miezi kadhaa mwenzake alipoendelea na safari kuelekea Buganda. Basi tujiulize: nchi iliyompokea mgeni mwenye mguu mbovu kutoka ng'ambo, imekuwaje ikashindwa kumpa kiti mama aliyezaliwa humu humu?

Tena mila zetu zenyewe hazikuwahi kuwaona mapacha kama kitu cha kawaida. Tuna majina yao maalumu, Ishengoma na Kato, Nyangoma na Nyakato, na anayezaliwa baada yao huitwa Kaiza. Ngoma inasikika ndani ya majina hayo. Mtoto wa pacha alipewa jina ambalo kila aliyelisikia alitambua kwamba nyumba ile ilipata neema na mzigo kwa siku moja. Majina tumeyatunza hadi leo. Kuubeba ule mzigo ndiko tulikokuacha.

Sasa tujibu hoja, maana tumezisikia nyingi tangu tulipoanza kulizungumza jambo hili katika Jumuiya Ndogondogo.

Hoja ya kwanza: mama mwenye watoto wachanga halazimiki kuja Misa. Ni kweli. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2181, inataja malezi ya watoto wachanga miongoni mwa sababu nzito zinazomwondolea mtu wajibu wa Jumapili. Lakini sheria hiyo iliwekwa kwa huruma, ili mama asijione mkosaji siku anaposhindwa. Sisi tumeigeuza kuwa kufuli la mlangoni. Ruhusa ya kutokuja si amri ya kutokuja. Anayehitaji Ekaristi kuliko wengi wetu ni yule ambaye hajalala usiku mzima kwa miezi saba.

Hoja ya pili: ibada inahitaji utulivu. Nasi tunaupenda utulivu; tumeona ulikotufikisha. Hata hivyo, tunapodai utulivu, mbona hatumtoi nje mzee anayekohoa, wala bwana ambaye simu yake hulia kila Jumapili wakati wa mageuzo? Tunamwonea asiyeweza kujitetea. Marehemu Papa Fransisko, alipokuwa akibatiza watoto katika Kikanisa cha Sistina mwezi Januari 2014, aliwaambia akina mama wawanyonyeshe watoto wao palepale kama wana njaa. Ikiwa chini ya michoro ya Michelangelo mtoto anaweza kunyonya, chini ya mabati yetu anaweza kulia.

Hoja ya tatu ndiyo iliyotuudhi zaidi: nani aliwaambia wazae watatu? Tunajibu: hakuna aliyewaambia, na wao hawakuagiza. Mwaka 1895 daktari Hellin aliweka kanuni ya kukadiria kwamba mapacha wawili hutokea mara moja katika uzazi 89, na watatu mara moja katika uzazi 7,921. Kanuni hiyo ni ya makadirio tu, na Afrika mapacha ni wengi zaidi kuliko kwingineko, lakini inatosha kutuonyesha kwamba jambo hili humwangukia mtu kama mvua. Humkejeli mtu kwa mvua iliyoanguka shambani kwake ila mpumbavu.

Hoja ya nne ilisemwa na mzee tunayemheshimu: matembezi na watoto ni anasa ya watu wa mjini, maskini hukaa na watoto wake nyumbani. Mzee wetu, tunakusihi uwafikirie wale wawili walioketi kwenye ukingo wa migomba. Tangu wadogo zao wazaliwe hawajavuka barabara ile isipokuwa Jumapili tuliyowafukuza. Hawajaliona soko, hawajanunuliwa andazi, hawajamsalimia bibi yao upande wa Nkwenda. Kila mtu huuliza habari za wale watatu. Hakuna anayeuliza habari za hawa wawili. Mtoto hujifunza ulimwengu kwa kupelekwa. Anayefungiwa uani kwa sababu jamii haikumsaidia mama yake, ameibiwa kitu ambacho hakirudishwi kwa pesa.

Wala serikali isidhani imekwisha maliza kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilimpa mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa mkupuo. Maana yake, watoto wa ziada, wawe mmoja au wawili, wana thamani ya siku 16. Baba alipewa siku 3. Na hayo ni ya mwajiriwa. Mama wa Kyerwa anayelima maharage na kuvuna kahawa hana likizo hata ya siku moja. Mwajiri wake ni jembe.

Turudi sasa kwenye Injili, maana huko ndiko hukumu yetu ilipo. Mwinjili Luka anatuonyesha Familia Takatifu ikitoka na mtoto mara mbili. Mara ya kwanza Yesu ni mchanga wa siku arobaini, wazazi wamebeba sadaka ya maskini, ndege wawili. Hekaluni wanakutana na Simeoni, mwanamume, mcha Mungu, mtu wa kuheshimika Yerusalemu. Simeoni hakuulizia utulivu wa hekalu. Alinyosha mikono, akampokea mtoto. Kama angeona aibu kumpakata mtoto wa mwenzake mbele ya watu, angekufa bila kuuona wokovu aliokuwa akiungojea maisha yake yote. Enyi wanaume mliocheka kando ya njia, mfikirieni Simeoni mtakapoinua tena vikombe vyenu.

Mara ya pili Yesu ana miaka kumi na miwili. Wazazi wanatembea siku nzima bila kujua kwamba amebaki nyuma. Wapo wanaoshangaa: Maria na Yosefu walikuwa wazembe kiasi hicho? Hapana. Walidhani yumo katika msafara, miongoni mwa ndugu na jirani. Waliweza kudhani hivyo kwa sababu katika msafara ule kila mtu mzima alikuwa mzazi wa kila mtoto. Mama wa mapacha watatu, ndugu zangu, hana msafara. Anatembea peke yake katikati ya umati.

Wale wenye umri mkubwa wanamkumbuka Askofu Christopher Mwoleka, aliyetuongoza toka mwaka 1969 hadi 1996, tulipokuwa bado sehemu ya Jimbo la Rulenge, kabla Jimbo la Kayanga halijazaliwa mwaka 2008. Yeye alitufundisha kwamba Utatu Mtakatifu haukufunuliwa ili tuumize vichwa kwa kutafuta namna watatu walivyo mmoja. Umefunuliwa ili tuige kushirikishana maisha. Tulipiga makofi. Sasa Mungu ametuletea watatu wengine, wadogo, wanaolia, na sisi tumewatoa nje.

Basi tunaazimia nini?

Sisi wenyewe tunalifuta neno letu. Jumapili ijayo tutaomba radhi kwa kipaza sauti kilekile, kwa maana kosa la hadharani haliungamwi sakristia. Mabenchi mawili ya mbele, upande wa Bikira Maria, yatakuwa ya wazazi wenye watoto wachanga, na mkeka utatandikwa kando yake. Mtoto akilia, tutaongeza sauti.

WAWATA wanajua la kufanya. Wengi wao wamekwisha anza bila kuagizwa. Tunawadai UWAKA. Tunataka wanaume watatu wa Jumuiya ile wajitolee kila Jumapili, mtoto mmoja kwa kila mwanamume, toka nyumbani hadi kanisani na kurudi, wakipita njia ileile ya wanywaji. Atakayechekwa aje kwetu tumpe mkono wa pongezi. Na mara moja kwa mwezi Jumuiya iwapeleke wale wakubwa wawili mjini, watembee, wale andazi, wajue kwamba nao wamezaliwa.

Wenye maduka na magari mnaosali nasi, mama mwenye wachanga mpeni kiti bila kumuuliza atanunua nini, na msimlipishe mapajani mwake. Na sisi sote tuweke simu mfukoni. Mtoto wa mtu si kioja. Mkitaka kutoa, toeni sabuni, maziwa na saa mbili za muda wenu.

Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Hesabu ni rahisi: kwa wana watatu, mikono miwili ya mama haitoshi, hata ikiongezwa miwili ya baba. Iliyobaki ni yetu.

Tulipokuwa tukiaga, yule wa miaka minne alituuliza kama kanisani bado ni mwiko kulia. Tulimwambia hapana. Tunawaomba, wapendwa, msitufanye waongo mbele ya mtoto.

Mungu awabariki nyote, na Familia Takatifu ya Nazareti iziombee familia zetu. Amina.