Tamko la Wenye Maduka, Mafundi Cherehani na Wachuuzi wa Waithaka Kuhusu Kujengwa Upya kwa Eneo la Biashara Street

Sisi wenye maduka, mafundi cherehani na wachuuzi wa Waithaka, Dagoretti Kusini, tukiwa tumekutana na kukubaliana kwa kauli moja, tunatoa tamko hili kuhusu kujengwa upya kwa majengo ya Biashara Street, katikati ya jiji, kwa Serikali ya Kaunti ya Jiji la Nairobi, kwa wenye majengo ya katikati ya jiji, na kwa wananchi wenzetu.

Huenda mtu akauliza watu wa Waithaka wana haja gani na Biashara Street. Jibu limo katika kila cherehani ya mtaa huu. Kitambaa cha sare za shule zinazoshonwa hapa kila Januari, leso za harusi, nguo za watoto wachanga, uzi, zipu na vifungo, vyote hutoka huko. Fundi huondoka alfajiri, akashuka mjini, akalinganisha bei katika maduka matatu au manne, kisha akarudi na jora begani kabla ya saa sita. Duka likifungwa kule, cherehani hunyamaza huku.

Uhusiano huu ni wa kale kuliko majengo yanayozungumziwa. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, na mara moja wafanyabiashara Wahindi wakajenga vibanda vyao vya mabati na mbao. Mwaka 1902 ulipozuka ugonjwa wa tauni, wakuu wa mji waliamuru vibanda vile vichomwe moto. Biashara ikaanza upya mahali pengine, ndipo ukakua mtaa tunaoujua leo kama Biashara Street. Karibu yake Alibhai Mulla Jeevanjee alijenga soko, na mwaka 1906 akautolea mji bustani inayobeba jina lake. Mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson aliletwa kuchunguza afya ya mji, naye akapendekeza mji ugawanywe kwa rangi za watu. Katika mpango wa namna hiyo Mwafrika hakuwa na kaunta. Alikuwa na njia ya kuingilia na ya kutokea tu.

Hata hivyo nyanya zetu waliingia. Kutoka huku Dagoretti walitembea kwa miguu, viondo vimejaa mboga, maharagwe na njahi, ukanda wa kiondo umekaza kipajini, wakaulisha mji ambao haukuwaruhusu kulala ndani yake. Tunalisema hili kwa sababu kila mara mipango ya katikati ya jiji inapoandikwa, huandikwa kana kwamba mji unaishia Uhuru Highway. Sisi tuliujenga kwa migongo yetu kabla Dagoretti haijaingizwa ndani ya mipaka ya Nairobi.

Hata majina ya barabara yanashuhudia. Muindi Mbingu, ambaye barabara yake inapita kando ya City Market, aliwaongoza Wakamba mwaka 1938 kuja Nairobi kupinga kunyang'anywa mifugo yao. Walipiga kambi hapa wakisubiri kusikilizwa na gavana. Baada ya Uhuru, sheria ya leseni za biashara ya mwaka 1967 iliwafungulia raia milango ya maduka. Iliwaumiza pia majirani wengi wenye asili ya Kihindi ambao hawakuwa na uraia, nasi hatulifichi hilo. Wengi wao ndio waliowakopesha wazazi wetu jora la kwanza bila karatasi yoyote, kwa kuaminiana tu.

Hatupingi mji kutengenezwa. Luthuli Avenue ilipopangwa upya mwaka 2019, na Muindi Mbingu Street ilipopanuliwa njia za waendao kwa miguu wakati wa Nairobi Metropolitan Services (NMS), tulifurahi. Mama aliyebeba mzigo hahitaji tena kujipenyeza kati ya magari yaliyoegeshwa. Kazi kama hiyo iendelee.

Tunachokipinga ni jengo kubomolewa au kukatwakatwa huku anayefanyia kazi humo akiwa wa mwisho kupata habari. Baadhi yetu tumeyaona haya kwa macho yetu. Duka moja la vitambaa linagawanywa kuwa vibanda vya egzibisheni, kila kibanda kinadaiwa gudwili mpya, yaani ada ya kuingilia, na mfanyabiashara aliyekaa miaka mingi anaambiwa na mlinzi, tena kwa mdomo, kwamba ufikapo mwisho wa mwezi ahame. Gudwili aliyolipa haina risiti. Akiondoka, imekwenda.

Tunawakumbusha wenye majengo, na zaidi tunawakumbusha wanachama wetu, kwamba sheria ya mwaka 1965 kuhusu wapangaji wa maduka, hoteli na mikahawa, Sura ya 301, bado ina nguvu. Upangaji usio na mkataba wa maandishi unalindwa na sheria hiyo. Wengi wetu tumedhani kinyume, tukajiona wageni kwa kuwa hatuna karatasi. Mwenye jengo anayetaka kubomoa ili ajenge upya ana haki ya kuomba hivyo, lakini lazima atoe notisi ya maandishi isiyopungua miezi miwili, na mpangaji ana haki ya kuipinga mbele ya baraza la kodi za majengo ya biashara kabla notisi haijaanza kufanya kazi. Neno la mlinzi mlangoni si notisi.

Kwa Serikali ya Kaunti tunasema hivi. Mwaka 2008 wachuuzi walihamishiwa soko la Muthurwa, na wengi walirudi mjini kwa kuwa wateja hawakuhama pamoja nao. Kituo cha Green Park nacho kilijengwa kwa ajili ya matatu za Ngong Road na Lang'ata Road. Kutoka hapo hadi Biashara Street ni zaidi ya kilomita moja, na jora la kitambaa halibebwi kama mkoba. Atakayeamua matatu zetu zikomee hapo atuambie kwanza mzigo utafikaje, na mkokoteni utalipwa na nani. Tunataka michoro na orodha ya majengo yatakayoguswa iwekwe wazi, kama Kifungu cha 35 cha Katiba kinavyotupa haki ya habari, na vikao vya kusikiliza maoni vifanyike huku mitaani pia, jioni baada ya kufunga duka, kwa lugha tunayoielewa. Tunataka wapangaji walioko wahesabiwe kabla ya jengo kuguswa, na wawe wa kwanza kupewa nafasi jengo jipya likikamilika, bila kudaiwa gudwili mara ya pili.

Tunajua sauti ya wananchi huweza kuzuia mpango mbaya. Mwaka 1991 kulikuwa na mpango wa kujenga ndani ya Jeevanjee Gardens. Zarina Patel, mjukuu wa Jeevanjee, alisimama pamoja na wananchi wakaukataa, na bustani ipo hadi leo. Mafundi wetu hupumzika pale wakiwa na mizigo yao miguuni.

Nakala ya tamko hili tutaipeleka wenyewe kwa Karani wa Bunge la Kaunti pamoja na sahihi za wanachama, na tutarudi kuuliza jibu.

Limetolewa Waithaka, Nairobi, kwa niaba ya wanachama wote, na
Mwenyekiti, Katibu na Mweka Hazina