Mfumbua Mafumbo ya Vita

Watu wengi hudhani ya kuwa shujaa wa vita ni mshika bunduki tu. Sivyo. Joseph Rochefort, ofisa wa jeshi la bahari la Marekani, alipigana kwa kalamu. Mwaka 1942 yeye na wenzake walikaa katika chumba cha chini ya ardhi huko Pearl Harbor, wakifumbua habari za siri za Wajapani usiku na mchana.

Habari hizo zilitaja mahali patakaposhambuliwa kwa herufi AF. Rochefort aliamini ya kuwa ni kisiwa cha Midway. Baadhi ya wakubwa hawakusadiki. Basi Midway ikaamriwa kutangaza kwa simu ya upepo, pasipo fumbo, ya kuwa maji ya kunywa yamepunguka. Punde Wajapani wakapashana habari: AF haina maji! Mwezi wa Juni Wamarekani wakawavizia, wakazamisha manowari zao 4 zilizochukua eropleni.

Je, alituzwa? La. Mwaka ule ule aliondolewa mahali pale, na nishani akanyimwa. Alikufa mwaka 1976. Nishani ikatolewa mwaka 1986. Wahenga walisema, chanda chema huvikwa pete. Chanda hiki kilivikwa kaburini. Haifai hivyo. Mtu afanyaye kazi pasipo kuonekana na ashukuriwe angali hai.