MWANASAYANSI KIJIWENI, DARASA HALINA MWALIMU!

Wewe kijana wa Manzese mwenye shahada ya sayansi ya mazingira kutoka Sokoine, bahasha ya kaki kwapani, sikiliza hii.

Mwaka 1999 Marekani ilianza kuwalipa wanasayansi wanaosomea shahada za juu, malipo yaliyokuja kufikia dola 30,000 kwa mwaka, waingie madarasani pamoja na walimu wa watoto. Hawakwenda kumfukuza mwalimu. Yeye alijua kufundisha, wao walijua sayansi. Wakawatoa watoto nje, wakachota maji ya mto, wakapima, wakaandika. Mwaka 2011 wakubwa wao wakatangaza kuufuta mpango huo (vigogo ni vigogo popote), lakini kazi ilikwishaonekana.

Kwetu je? Miaka hiyo ya 2000 serikali ya CCM ilijaza shule za kata vijana waliomaliza kidato cha sita jana, wakapikwa wiki chache tu. Mtaani tukawaita "voda fasta". Hatuwalaumu, walitumwa.

Lakini mtoto wa Jangwani, ambaye Desemba 2011 Msimbazi uliwaingilia nyumbani, anakaririshwa maana ya "mazingira" ubaoni huku mto wenyewe ukinuka pale nje! Nani wa kumpeleka akaupime? Ni wewe, na wewe uko kijiweni unacheza drafti.

Eti fedha hakuna. Mashangingi je, yananunuliwa kwa kokoto? Mgombea ubunge wao akija kwako na kofia na kanga, muulize shule yenu ya kata ina walimu wangapi wa sayansi. Akikujibu kwa kofia, mrudishie kofia yake.