Kitambaa cha Askari Kisiwe Bidhaa ya Wachuuzi

Imekuwa desturi katika Uingereza, Kanada na Marekani kwamba kila kundi la watu waliowahi kuvaa sare ya jeshi, wawe wanamaji, wanahewa au wapiganaji wastaafu, hutaka kuwa na tartani yake. Tartani ni kile kitambaa cha sufu chenye miraba kinachoshonewa kilti, vazi la wanaume wa Uskoti linalofanana na sketi. Mchoraji huketi na penseli zake za rangi akapanga nyuzi: buluu ndiyo bahari, nyekundu ndiyo damu iliyomwagika, na mstari mwembamba wa dhahabu ndio ushujaa. Kisha kitambaa hufumwa, hutiwa madukani, na siku ya gwaride wazee hukivaa kwa fahari. Fahari hiyo haina ubaya wowote. Ubaya umo katika kutouliza ni nani aliyekiagiza kitambaa, na huyo aliyekiagiza amewatendea nini wale anaowavisha.

Watetezi wa desturi hii wana jibu moja wanalolipenda sana. Husema kwamba tartani ni urithi wa kale, kwamba kila ukoo wa Uskoti ulikuwa na miraba yake tangu enzi na enzi, na kwamba jeshi limeurithi utukufu huo tu. Dai hili hurudiwa hata na watu wa elimu ambao wangepaswa kulichunguza. La hasha! Miraba ilikuwepo zamani, na wafumaji wa kila bonde walikuwa na mitindo yao kulingana na rangi walizoweza kuzipata. Lakini utaratibu wa kundi moja kuwa na mchoro mmoja uliowekwa, usiobadilika, ulitiwa nguvu na jeshi la serikali ya London. Baadaye ndipo koo zikaiga.

Historia yenyewe ni chungu. Mwaka 1725 Jenerali George Wade aliunda vikosi vya wenyeji wa Nyanda za Juu ili wawachunge wenyeji wenzao. Mwaka 1739 vikosi hivyo vikafanywa rejimenti moja, iliyokuja kujulikana kwa jina la Black Watch, nayo ikavaa miraba ya kiza ya buluu, nyeusi na kijani, ambayo mpaka leo huitwa tartani ya Serikali. Jina hilo linatosha kuonyesha mwenye mali alikuwa nani. Mwaka 1743 askari hao walipelekwa London, na uvumi ukaenea kwamba wangesafirishwa hadi visiwa vya West Indies, ambako homa iliua watu wengi kuliko risasi. Zaidi ya mia moja waliasi, wakashika njia ya kurudi kwao. Walikamatwa, na watatu miongoni mwao wakapigwa risasi ndani ya Mnara wa London. Kitambaa walichopewa hakikuwapa haki ya kuulizwa wanapelekwa wapi.

Miaka mitatu baadaye, mwezi wa Aprili 1746, Nyanda za Juu zilishindwa katika pambano la Culloden. Bunge likapitisha sheria iliyowakataza wanaume na wavulana kuvaa mavazi ya kwao. Aliyekamatwa mara ya kwanza alifungwa miezi 6. Aliyerudia alihamishiwa ng'ambo kwa miaka 7. Lakini sheria hiyo iliacha mlango mmoja wazi: askari wa Mfalme waliruhusiwa kuvaa. Mtu aliyeonekana mhalifu akichunga ng'ombe wake kwa vazi la babu yake, aligeuka kuwa mtu wa heshima alipolivaa vazi hilo hilo kwa ajili ya kumpigania mtawala wake. Sheria ilidumu mpaka mwaka 1782. Yeyote anayetaka kubuni tartani ya kuwaenzi wanajeshi na asiifahamu habari hii, afadhali aiweke penseli yake chini kwanza.

Baada ya kutisha kukaja kuuza. Mwezi wa Agosti 1822 Mfalme George wa Nne alizuru Edinburgh, na mwandishi Walter Scott akaandaa sherehe ambayo waheshimiwa walihimizwa kuhudhuria wamevaa tartani. Kampuni ya Wilson ya mji wa Bannockburn, ambayo tayari ilikuwa ikiwauzia wanajeshi, ilipata soko nono. Michoro mingi ya kampuni hiyo haikuwa na majina ya koo hapo mwanzo; ilikuwa na nambari tu, kama bidhaa nyingine yoyote ya ghalani, na majina yakabandikwa baadaye. Mwaka 1842 ndugu wawili waliojidai kuwa wajukuu wa mwana-mfalme Charles Edward Stuart walichapisha kitabu cha tartani, wakisema kimetokana na hati ya karne ya 16. Hati hiyo ya kale haikuonyeshwa kamwe kwa wachunguzi. Ulikuwa uzushi mtupu, lakini wapo watu ambao hadi leo huvaa michoro ya kitabu hicho wakiamini wanavaa damu ya mababu zao.

Na wakati makabaila wakijipamba hivyo, waliwafanyia nini wakulima wao? Mwaka 1799 katika milki ya Sutherland iliundwa rejimenti ya 93, kwa vijana waliochukuliwa kutoka familia za wapangaji wa ardhi ya Bibi wa Sutherland. Mzazi aliyemtoa mwanawe aliamini kwamba amejihakikishia shamba lake. Haikupita miaka 20. Wakulima wa milki hiyo walifukuzwa kwa maelfu ili mabonde yao yajazwe kondoo, na nyumba nyingine zikatiwa moto. Askari alikuwa na kilti na hana pa kurudi. Jambo hili ndilo linalopaswa kuandikwa katika kila maelezo ya rangi na maana zake. Lakini maelezo hayo husema habari za bahari, anga na ushujaa, na hayasemi neno juu ya shamba.

Haifai, hata hivyo, kukimbilia upande wa pili na kusema kwamba kila tartani mpya ni upuuzi kwa sababu ni mpya. Wenye dhihaka hiyo wamekosea vilevile. Upya hauna aibu. Aibu ni kuuficha upya. Mwaka 1942, vita vikiwa vimepamba moto, Elmer Fullerton, aliyekuwa mkuu wa kituo cha mafunzo ya urubani huko Summerside, nchini Kanada, alichora tartani kwa ajili ya jeshi la anga la nchi yake: buluu mbili na rangi ya damu ya mzee. Alitaka bendi ya zumari ya kituo chake iwe na vazi lake yenyewe. Mchoro ulifumwa na mafundi wa Gagetown, kijiji cha jimbo la New Brunswick, na mwaka huo huo ukakubaliwa na wakuu wa jeshi hilo. Hapana aliyezusha hati ya kale. Aliyechora alikuwa mtumishi wa jeshi lenyewe, waliofuma ni mafundi wa nchi yenyewe, na idhini ilitoka kwa wenyewe. Ndiyo maana kitambaa hicho kimedumu.

Linganisha na tartani iitwayo Edzell. Ilibuniwa mwaka 1985 na Arthur Mackie wa kampuni moja ya kufuma sufu, kwa ajili ya wanamaji wa Marekani waliokuwa katika kituo cha Edzell, Uskoti. Kwa kundi hilo dogo lililoishi pale, kitambaa kilikuwa na maana kamili. Lakini kituo kilifungwa mwaka 1997, na madukani kitambaa kikaendelea kuuzwa kama tartani ya wanamaji wa Marekani kwa jumla. Baharia ambaye hajawahi kukanyaga Uskoti hununua kumbukumbu ya kituo asichokijua, na mwenye duka hana haja ya kumweleza.

Atasimama mtu aseme kwamba mambo haya sasa yana sheria. Ni kweli kwamba Bunge la Uskoti lilipitisha sheria mwaka 2008, na daftari rasmi la tartani likafunguliwa mwaka 2009. Lakini yafaa ieleweke daftari hilo linafanya kazi gani. Linahakiki kwamba mchoro ni mpya, kwamba hesabu ya nyuzi imetolewa, na kwamba mwombaji ana uhusiano na jina analolitumia. Daftari si baraza la wapiganaji. Haliwezi kujua kama wajane walishauriwa, au kama mapato ya kila mita yanakwenda kwa mlemavu wa vita au katika mfuko wa mchuuzi.

Wasomaji wa Afrika Mashariki hawana haja ya kwenda mbali ili kuelewa. Ufalme ule ule uliowavisha Waskoti uliwachukua watu wa huku kuwa askari na wapagazi katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1927 sanamu ya Askari iliwekwa Dar es Salaam. Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, kwa njaa na kuhara zaidi kuliko kwa risasi, na wengi hawakuandikwa majina popote. Ilipofika mwaka 2021 ndipo tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilipokiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao na pengine hawakukumbukwa kabisa. Alama ilitangulia, orodha ikachelewa karne nzima.

Basi kundi lolote la wanajeshi linalokusudia kuwa na tartani yake lianze na orodha. Liandike majina ya waliotumikia, waliokufa na waliolemazwa. Liitishe mkutano wao na wa jamaa zao. Liamue mali ya mchoro ni ya nani na mapato yake yatakwenda wapi. Mwaka wa kubuniwa utajwe waziwazi. Hayo yakishakamilika ndipo aitwe mfumaji, aulizwe ni nyuzi ngapi za buluu katika mtande na ngapi katika mshindio.